Kuku wa Mtani

Kwetu mwanamume ndiye anayehama. Watu wa mbali wakisikia hivyo hucheka, lakini ndivyo tulivyozaliwa tukakuta: kijana akioa hufunga mkeka wake, akachukua jembe na shoka, akaenda kujenga kwa wakwe zake, na watoto watakaozaliwa ni wa ukoo wa mama. Mwenye kauli juu yao si baba, ni mjomba, kaka yake mama. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo hutaelewa kwa nini niliozwa ili watu wasipigane, wala kwa nini aliyewekwa rehani hasa sikuwa mimi. Alikuwa mdogo wangu wa kiume, aliyenifuata kuzaliwa bila mwingine kati.

Tulikaa upande wa Malolo, Ruangwa, sisi Wamwera, juu ya bonde. Ng'ambo ya bonde walikaa Wamakua waliovuka Ruvuma na watoto mgongoni, wakikimbia nchi ya Mreno walikokuwa wakifanyishwa kazi kwa viboko. Bibi yangu aliwakumbuka walivyofika, hawana hata chungu. Tuliwapa mbegu za mtama. Kwa miaka mingi hapakuwa na neno. Wanawake tulikutana porini tukichimba ming'oko, vile viazi vya mwituni vya wakati wa njaa, tukapeana moto na umbea, na wanaume walisali msikiti mmoja. Basi watu wakadhani kwamba waliosali pamoja hawatapigana. Bonde halina dini.

Wazungu walipofungua mashamba ya karanga Nachingwea, wanaume wa pande zote mbili walikwenda huko, wakang'oa visiki pamoja, wakalala kambi moja. Kazi ilipofifia, walirudi na kaptura za kaki na hamu ya kulima chao wenyewe, na macho yote yakaangukia bonde, mahali pekee ambapo udongo hubaki na unyevu jua linapochoma. Mtu alilima leo, kesho akakuta mwenzake amepanda juu ya matuta yake. Wakaanza kwa matusi, wakaja kwa mapanga, na mwisho magobore ya mababu yakatolewa darini. Mmakua mmoja alipigwa pajani, akafia kwenye machela njiani akipelekwa hospitali ya misheni. Kwetu mtu mmoja alikatwa mkono wa kulia, akabaki analishwa na mke wake.

Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alikuja na askari. Alisimama kwenye ngazi ya gari lake, akatuambia tumemtia aibu, akaamuru bunduki zote ziletwe. Mjomba wangu alikuwa wa kwanza kupeleka. Alipeleka gobore lililovunjika kitako, ambalo hata ndege asingelikimbia. Zima lilibaki ndani ya ghala, chini ya mtama.

Sasa nimseme huyu mjomba. Alikuwa mkubwa wa ukoo, kwa hiyo yeye hakuhamia kwa mke. Mke ndiye aliyemfuata. Alikuwa amepigana vita vya Wazungu kule Burma, akarudi na miguu yote miwili, lakini sehemu yake fulani ilibaki zamuni. Akila, aliketi akiutazama mlango. Ukimpita nyuma bila kukohoa aliruka. Alitupenda, hilo silifichi, na alitulinda kama alivyofundishwa kulinda, yaani kwa kutomwamini yeyote anayetokea mbele. Mara kwa mara alituambia, "Kaeni chonjo." Mama, dada yake, alimjibu, "Tukae chonjo mpaka lini? Na kupika atapika nani?" Mjomba alicheka. Mama tu ndiye aliyeweza kumchekesha.

Aliyeleta amani alikuwa mtani. Wazungu hawamo katika hesabu hiyo.

Alikuwa Myao wa upande wa Naipingo, mrefu, amevaa tarbushi nyekundu iliyopoteza kishada. Zamani Wayao na sisi tuliuana na kuuzana; tulipochoka na visasi, tukaacha mikuki tukashika matusi. Ndio utani. Mtani huingia nyumbani kwako akakuita mbwa, akamwita mama yako mke wake, akakamata kuku akaondoka naye, na ukikasirika, wewe ndiye mwenye aibu. Wamakua nao walikuwa na utani wa namna hiyo na Wayao. Kwa hiyo mtu huyu aliweza kukatiza bonde wakati ambapo mtu mwingine yeyote angechomwa mshale. Mzaha aliopenda kuliko yote ulikuwa wa kifo. Alitokea asubuhi amekunja uso, akasema, "Nimetoka kule kwa adui zenu. Wote wamekufa, wamebaki mbuzi. Nipeni kuku wa matanga." Watu walicheka, naye akajichukulia kuku. Kule ng'ambo alisema hivyohivyo juu yetu.

Aliwaketisha wazee wa pande mbili kwenye kivuko cha mawe, katikati ya bonde. "Bunduki hamtaacha kuzificha," aliwaambia. "Mnanidanganya mimi? Basi kila upande uwe na mtoto wake anayekula kwenye chungu cha mwenzake. Tuone nani atatia sumu."

Wakakubaliana. Kijana wao aje anioe mimi, akae kwetu. Mdogo wangu akaoe kwao, akae kule. Mikeka miwili ipite kivukoni siku moja, mmoja ukienda, mmoja ukija. Mimi sikuulizwa, na sikutegemea kuulizwa. Mama aliyekuwa ameketi na wanawake nyuma ndiye aliyepaza sauti. Hakuuliza habari ya mahari. Aliuliza, "Na huyu wenu akija kufa kwa homa tu ya Mungu, mwanangu aliye kwenu itakuwaje?"

Wazee wakaguna. Mmoja wa ng'ambo akasema kwa upole, "Mama, mtu akiugua si tutaambiana? Midomo tunayo."

Ndiyo ilikuwa sheria, na kila mtu aliijua. Mkwe akiugua, kwao waambiwe angali anaweza kusema, waje wamwone kwa macho yao. Wakiletewa habari ya maiti, hiyo si habari tena, ni mashtaka.

Mdogo wangu aliondoka akicheka. Alikuwa mtu wa mluzi. Alipiga mluzi akilima, akiota moto, hata akitumwa maji. Alipokuwa akija kutusalimia kutoka ng'ambo, tulimsikia kabla hajafika kivukoni, na mama alianza kusonga ugali kwa kipimo cha mluzi huo. Akifika, sahani ipo. Mjomba alikuwa amempangia ishara hiyo. "Usivuke bila kupiga mluzi," alimwambia. "Mimi sina macho ya kutofautisha miguu ya watu kwenye nyasi."

Na huyu niliyeletewa mimi? Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Alikuwa kijana mkimya mwenye viganja vikubwa, anachonga vinu. Wiki za kwanza alikula mgongo ukiwa umeegemea ukuta, na mimi nililala nimeshika ncha ya kanga kana kwamba itanisaidia. Kisha siku moja alimwona mama anatwanga kwenye kinu kilichopasuka, akaenda porini, akarudi na gogo. Kinu alichokichonga kilikuwa na ukingo mpana wa kuzuia nafaka kuruka. Mama alitwanga, akatazama chini, hakuna hata punje moja. Akaniambia, "Huyu mtunze." Nilimtunza. Nilimpenda, nalisema wazi, maana siku zile hatukulisema. Misimu miwili ya mabibo tulikaa hivyo, nikaanza kusahau kwamba ndoa yangu ilikuwa na kazi nyingine.

Homa ilimshika masika. Siku za kwanza alitania kwamba ni uvivu. Kisha macho yakawa ya manjano, na mkojo ukatoka mweusi kama maji ya chungu kilichoungua. Mama alipouona alikwenda moja kwa moja kwa mjomba.

"Waite kwao," alisema.

Najua mjomba alichokuwa anafikiri, kwa sababu alikifikiri kwa sauti: kwamba habari ya ugonjwa ikivuka, vijana wa ng'ambo watasema sumu, na mikono itakwenda darini. Kabla ya kutuma mjumbe, alitaka kwanza aweke walinzi. Aliwapanga wanaume kwenye nyasi juu ya kivuko, akawakataza wanawake kwenda kuchimba ming'oko upande ule. Hivyo mdomo wa kawaida wa kupeleka habari, mdomo wa wanawake porini, akauziba mwenyewe. Baada ya hapo ndipo akasema, "Atumwe mtani. Yeye hawamgusi."

Lilikuwa wazo la busara. Hadi leo nikiligeuzageuza naliona la busara, na ndilo linalonitia hasira.

Mtani alikwenda. Alifika kwa Wamakua amekunja uso, akasema, "Mtoto wenu anakufa kule kwa Wamwera. Njooni." Wakacheka. Mama mkwe wangu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kiume, alimjibu, "Hata jana alikufa, na juzi alikufa. Leo amekufa kwa ugonjwa gani?" Akasema, "Homa." Wakacheka zaidi, kwa kuwa siku nyingine alizoea kusema ameliwa na fisi. Aliapa. Mtani akiapa ni utamu juu ya utamu. Mdogo wangu mwenyewe alikuwepo pale, naye alicheka pamoja nao. Mke wake ndiye aliyetuambia baadaye. Mwisho mama mkwe akamsukumia kuku, akasema, "Shika matanga yako, uondoke."

Na yeye akamshika.

Hakufikiri. Mkono ulijua kazi yake kuliko kichwa. Alivuka bonde kuku akiwa kwapani, na mama alipomwona anapanda na kuku yule, mwiko ulimponyoka.

"Kuku wa nini?" mama aliuliza.

Mtani alimtazama kuku kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Uso wake ulibadilika taratibu. "Mke wangu," alisema, "hawakuniamini." Alitaka kugeuka wakati uleule, lakini mvua iliyonyesha juu milimani ilikuwa imefika, na maji yalikuwa yamefunika mawe yote ya kivuko.

Maji yalipopungua kesho yake mchana, mume wangu alikuwa amekwisha kata roho. Alikufa akiuliza kama kwao wamefika. Nilimwambia wako njiani.

Mtani alivuka mara ya pili, safari hii bila tarbushi, na shati la marehemu mkononi. Waliliona shati, wakaanza kulia, na kilio kikageuka ugomvi. Vijana waliuliza kwa nini hawakuambiwa. Mtani akasema, "Niliwaambia jana." Mzee mmoja akamjibu neno ambalo lilinifikia baadaye, nami silisahau: "Mtu mwenye habari ya kweli hachukui kuku." Mapanga yakatoka. Mdogo wangu aliketi katikati yao, mikono juu ya magoti, akisubiri.

Aliyemwokoa alikuwa mama mkwe wangu. Alisimama mbele yake na mwili wake ule mkubwa, akasema, "Kwanza nikamwone mwanangu. Kama ameuawa, mwili utasema. Huyu hajafanya kosa." Wakaamua waje alfajiri, bila silaha, na mdogo wangu atangulie mbele kwa kuwa ndiye anayejulikana kwetu. Mtani waliyemkasirikia hawakutaka atangulie wala arudi kutuarifu. Maneno yake walikuwa wamekwisha yakataa. Walimweka mwisho kabisa wa msafara, nyuma ya wanawake.

Kwetu, jioni ilipita na mtani hakurudi. Mjomba alisema, "Wamemuua. Na kijana wetu wamemuua pia." Mama alimwambia, "Huna hakika." Mjomba alikwenda ghalani, akaingiza mkono chini ya mtama.

Kulipokucha kulikuwa na ukungu mzito bondeni. Mimi nilikuwa ndani na maiti, nimekaa mkekani kama wajane wanavyokaa, sikuona kitu. Nilisikia tu. Nilisikia kimya kirefu, kisha mlio wa gobore mmoja. Gobore halitoi risasi ya askari. Linatapika vipande vya vyuma. Baada ya mlio, nilingoja kelele za vita. Badala yake zilikuja sauti za wanawake kutoka chini, wanawake wa ng'ambo, wakipiga yowe la msiba. Walikuwa wanamlilia mtoto wetu kabla sisi wenyewe hatujajua.

Alikuwa ametangulia mbele na sanda mabegani, ile waliyoileta ya kumzika mume wangu. Mjomba aliona mtu anapanda kwenye ukungu na nyuma yake kundi. Alingoja mluzi. Mluzi haukuja. Anayekwenda msibani hapigi mluzi. Hata mtoto anajua hivyo. Mama alimfundisha adabu hiyo, na siku ile akaishika.

Basi mama mkwe wangu aliingia ndani kwangu akiwa na damu ya mdogo wangu kwenye kanga. Alifunua uso wa mwanawe, akatazama macho, akatazama kucha, akatazama ulimi. Kisha akasema kwa sauti ya kuchoka, "Ni homa. Kaka yangu alikufa hivihivi." Akanishika kichwa akakiweka kifuani pake. Hivyo tu. Kitu ambacho watu walikuwa tayari kuuana kwa ajili yake alikimaliza kwa kutazama mara moja.

Waliozika walikuwa wao na sisi pamoja, makaburi mawili, sanda moja ikakatwa katikati.

Baadaye wazee waliketi kutwa nzima kuamua habari ya damu, na hawakuweza kuamua. Kwetu damu ya kijana hudaiwa na mjomba wake. Mjomba ndiye mwenye mtoto. Ndiye anayesimama mbele ya muuaji na kusema, nilipe mtu wangu. Sasa asimame mbele ya nani? Alikaa kizingitini kwake, na kila mzee aliyefika kumpa pole alishindwa kujua kama ampe pole au amwulize sababu. Tarishi wa serikali alipokuja kupeleleza, pande zote mbili zilimwambia kwamba watu walikuwa wanawinda nguruwe kwenye ukungu na gobore likafyatuka. Nani alifyatua? Hatukuona, kulikuwa na ukungu. Wamakua walisema hivyo, nasi tulisema hivyo. Lilikuwa jambo la kwanza tulilokubaliana bila kuletewa mtani. Gobore lilikwisha tupwa kwenye kina cha maji.

Na amani ilikaa. Lazima niseme kweli hata kama inanichoma. Bonde liligawanywa, mipaka ikapandwa mikorosho, na hakuna aliyeinua panga tena. Watu walipita wakisema tumeelewana vizuri. Wengine walisema, bila haya, kwamba ni kwa sababu kila upande ulipoteza mmoja, mizani imekaa sawa. Mzaha mzaha hutumbua usaha, waliniambia, wakidhani wananifariji. Sikuolewa tena. Walimleta ndugu wa marehemu anirithi, nikawaambia chungu kimevunjika, wakatafute kingine.

Mjomba alihama akaenda kwa watu wa mke wake, Kiegei, akafunga mkeka kama kijana anayekwenda kuoa. Mama hakumsindikiza. Hakumtaja tena, wala hakuwahi kwenda kule. Kila mavuno mjomba alituma ufuta, mzigo mzima, uliopepetwa safi. Mama aliupokea kwa mletaji, akamshukuru mletaji, kisha akaumwaga uani kwa kuku. Kuku wetu walinenepa, majirani wakashangaa.

Mtani aliendelea kuja, lakini utani ulimtoka. Aliketi, akauliza hali, akanywa maji, akaondoka. Mama alimkasirikia kwa hilo kuliko kwa lile jingine. "Mtani gani asiyetukana?" alisema. "Chukua basi hata kuku." Siku nyingine alimchukua, ili kumridhisha.

Wakati watu walipokuwa wameanza kuzungumza habari za uhuru, mtani alifika asubuhi moja kutoka njia ya Kiegei. Mama alikuwa anatwanga kwenye kinu kile chenye ukingo mpana. Ufuta wa mavuno yale ulikuwa umemwagwa uani tangu jana, na kuku walikuwa wanaudonoa.

"Dada," alisema mtani. Hakuwahi kumwita hivyo. "Kaka yako amefariki."

Mama hakuacha kutwanga. "Amekufa na wangapi?" aliuliza. "Wamebaki mbuzi?"

"Peke yake."

"Kama ni mzaha, kuku hao."

Mtani alikuwa ameketi kwenye kigogo, mikono katikati ya magoti, na kuku walikuwa wanadonoa mpaka kwenye vidole vya miguu yake.

"Chukua kuku," mama alisema.

Hakusogea.

"Chukua. Nakuomba."

Akatikisa kichwa. Mama aliuachia mchi, akaketi palepale chini kwenye pumba, akaanza kumlilia kaka yake.